Wanga Usiolia

Kila Jumatatu, kabla mashine hazijawashwa, wafanyakazi wa kiwanda cha wanga walipangwa mistari kwenye sakafu ya saruji mbele ya matangi, na msimamizi akawasomea karatasi. Msimamizi huyo walimwita Kipenga, kwa sababu alikivaa kipenga shingoni hata siku asizokuwa na la kupuliza. Karatasi ilikuwa ileile, mwaka wa pili sasa, imechakaa kwenye mikunjo hadi akawa anaisoma kwa mazoea kuliko kwa macho.

"Somo la usalama," alisema. "Mfanyakazi mmoja wa kike, kwa uzembe wake, aliacha vali ya mvuke wazi, wanga ukaivia ndani ya tangi namba tatu. Kwa kutaka kuficha kosa lake, akaingia tangini bila ruhusa, akafa. Tujifunze."

Na wote wakajibu kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza: "Tumejifunza."

Mzee Chupa hakujibu. Hakuwahi kujibu hata Jumatatu moja. Alisimama mstari wa nyuma, buti zake za mpira zimejaa viraka, akitazama kisogo cha mtu wa mbele yake. Huyo mfanyakazi mmoja wa kike alikuwa mkewe, aliyeishi naye miaka thelathini na moja. Jina hawakulitaja, eti ni heshima. Heshima gani hiyo, ya kumfukua mtu kila Jumatatu na kumzika tena kabla ya saa mbili?

"Mzee, ungeitikia tu yaishe," alimnong'oneza mpakiaji magunia aliyesimama kando yake. "Neno moja halivunji jino."

"Hilo lingenivunja taya," alisema Mzee Chupa.

Watu wa mtaani waliwatania siku zote. Mtu akisema anafanya kazi kwenye wanga, wanamuuliza kama anakwenda kazini kwa ungo. Lakini kazi yenyewe haikuwa na uchawi. Wanga mbichi, ule unaokamuliwa kwenye mihogo, ni mvivu. Ukiutia kwenye karatasi unakaa tu kama mgeni asiyejua kuagana, haushiki kitu, hauungani na kitu. Kiwanda cha karatasi kilitaka wanga unaoshika. Kwa hiyo ulilowekwa ndani ya tangi kwa maji ya chumvi, kisha kostiki, magadi makali yanayobabua ngozi, ikadondoshwa juu yake taratibu, nyembamba kama uzi, kutwa nzima. Kostiki inailegeza punje, chumvi inaizuia isipasuke. Punje ikishalegea ndipo mvuke unafunguliwa kidogo, dawa inatiwa, nayo inaingia ndani ya punje na kuishikilia. Ukimaliza, wanga ni wanga uleule kwa macho, mweupe vilevile, ila tabia imebadilika.

Mkewe ndiye aliyekuwa mchukua sampuli. Walimwita Mama Uzi. Kila mpiko alichota mara mbili: mara ya kwanza kostiki ikishaingia na mvuke haujafunguliwa, mara ya pili mwishoni. Alikausha alichochota, akatia kwenye chupa, akabandika karatasi ya tarehe. Chupa ya kwanza aliifunga shingoni uzi mwekundu aliouchomoa kwenye midomo ya magunia, ili zisichanganyike. Lakini kabla ya chupa alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Alikamua wanga kwenye kitambaa, akachukua donge kati ya dole gumba na kidole cha shahada, akaliminya karibu na sikio. Wanga wenye punje nzima hulia. Unatoa mlio mdogo, kri, kri, kama kiatu kipya. Punje zikishapasuka, haulii tena, umekuwa gundi.

"Punje ifungue mlango," alizoea kusema, "lakini nyumba isianguke."

Kisha akaja Mkemia. Kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limenyooka kama limepigwa ubao, aliyeletwa na Meneja ili aharakishe mambo. Alitazama tangi kwa siku mbili, akaandika, akasema watu wanapoteza muda. Kostiki iongezwe maradufu, imwagwe mara moja. Chumvi iachwe, maana inazuia punje kufunguka, na kufunguka ndiko kunakotakiwa. Kazi ya kutwa iishe kabla ya chakula cha mchana.

"Bwana mkubwa," Mama Uzi alimwambia mbele ya watu, "ukibomoa nyumba ili mgeni aingie, akishaingia atakaa wapi?"

Watu walicheka. Mkemia hakucheka. Aliuliza huyu mama amesoma mpaka darasa la ngapi.

Asubuhi ya mpiko ule Mzee Chupa, ambaye siku hizo alikuwa mtu wa chumba cha kukaushia na hakuwa na jina hilo la chupa, alimwona mkewe akipita mlangoni na chupa mkononi, akifunga fundo kwa meno. Alisimama kidogo.

"Mume wangu, leo wanga haulii," alisema.

"Haulii vipi?"

"Haulii. Na mvuke hata haujafunguliwa."

Basi, akaenda. Maneno ya mwisho ya ndoa ya miaka thelathini na moja yalikuwa hayo, habari za wanga. Baadaye alisikia mwiko wa mashine ukiguna ng'ambo ya ukuta kama ng'ombe aliyekwama topeni. Akasikia sauti ya Mkemia ikisema endeleeni, tieni dawa, italegea. Mvuke ukafunguliwa, dawa ikatiwa. Mwiko ukaguna mara mbili tatu, ukanyamaza. Tangi zima limekuwa gundi. Mkemia akasema ikigandia humo tangi limekufa, aingie mtu mwembamba aikwangue upesi. Mwembamba alikuwa mmoja. Mvuke wa dawa, sumu tupu, ulikuwa bado umelala chini ya tangi, hauna rangi, hauna haraka. Walimtoa na kikwangulio mkononi.

Walikuja watu watatu wenye tai kuuliza. Mkemia alisema vali iliachwa wazi. Kipenga, ambaye ndiye aliyemwaga kostiki kwa mikono yake, aliulizwa, akatazama viatu vyake, akasema, "Mimi niliamriwa tu." Zaidi ya hapo hakusema. Mzee alipowaeleza kwamba wanga haukulia kabla ya mvuke, wale watatu walitazamana, na mmoja akafunika mdomo kwa kalamu.

"Kwa hiyo, mzee, shahidi wako ni sikio la marehemu?"

Tangu siku hiyo alimchukia Kipenga kuliko hata Mkemia. Mkemia alikuwa mkubwa, na wakubwa ndivyo walivyo: hawana mikono, wana midomo tu, mikono ni yetu. Lakini mtu mwenye mikono yake kusema niliamriwa! Neno hilo Mzee aliligeuza tusi. Mbwa akimbwekea njiani alimwambia, "Nawe umeamriwa?"

Aliyepigana alikuwa binti yao, mwalimu wa shule ya msingi, mtoto pekee. Kwa miaka miwili aliandika barua kumi na moja kwa ofisi ya ukaguzi wa kazi. Kumi hazikujibiwa. Ya kumi na moja ilijibiwa: mkaguzi mpya angekuja, na ikiwa kingepatikana kitu chochote cha kuchunguza, ripoti ingefunguliwa upya na neno uzembe lingeweza kufutwa. Binti alimsomea babake barua hiyo jikoni mara tatu.

"Baba, unasikia? Lingeweza kufutwa. Wataacha kusoma ile karatasi yao."

"Wakubwa hawafuti, mwanangu. Wanapaka rangi juu."

"Baba, na wewe. Angalau siku moja tu amini kitu."

Akaamini. Hilo ndilo kosa alilojilaumu kwalo kwanza, kabla hajaliona la pili. Alinyoa ndevu. Alifua ovaroli siku mbili kabla. Hata viraka vya buti alivisugua.

Mkaguzi alikuja siku ya Alhamisi, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye begi la ngozi lililobanduka pembeni. Alikataa kuketi ofisini kwa Meneja. Alisema anataka kuonana na mume wa marehemu na binti yake mahali pa kazi, basi wakaketi kwenye chumba cha kuoshea vyombo, kwenye ndoo zilizopinduliwa, Meneja amesimama mlangoni kama mtu aliyepita tu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama."

"Nimesoma maelezo yako ya zamani. Ulisema mkeo alikwambia wanga haulii."

Mzee akatazama sakafu. Alijua kicheko kinakuja.

"Ni kweli kabisa," alisema mkaguzi. "Punje zilizopasuka hazilii. Na kama hazikulia kabla ya mvuke kufunguliwa, basi si vali iliyoziivisha. Ni kostiki kuzidi, bila chumvi. Ni amri, si mkeo. Mzee, ulisema kweli tupu na wakakucheka."

Binti alimshika babake mkono. Miaka miwili, na mtu mmoja mwenye begi bovu ndiye aliyesikia.

"Sasa," mkaguzi akaendelea, "sikio siwezi kulipeleka mbele ya baraza. Ila mkeo alichukua sampuli ya kwanza. Kiwandani kila sampuli huwekwa. Wanga ukishakaushwa hauozi, hata miaka kumi. Nikiupata ule unga, kiasi cha kucha tu, nikautazama kwa hadubini, nitaona kama punje ni nzima au zimepasuka. Wanga haujui kusema uongo. Chupa ile iko wapi?"

Maji yalidondoka kwenye sinki.

"Ilikuwa na uzi mwekundu," alisema binti. "Mama alifunga uzi mwekundu zile za kwanza, sivyo, Baba?"

Mzee Chupa hakuwa na jina hilo bure. Baada ya mazishi walimtoa chumba cha kukaushia wakampa kazi ya kuosha vyombo vya maabara. Kwa huruma, walisema. Na wiki tatu kabla ya mkaguzi kuja, Kipenga alikuja na toroli limejaa makreti ya chupa za zamani kutoka stoo. Meneja anataka rafu ziwe wazi, alisema. Osha zote, zirudi kwenye matumizi. Mzee akaosha, siku nne.

Siku ya kwanza alipoona uzi mwekundu shingoni mwa chupa, alifunga bomba la maji. Alilijua fundo lile. Mkewe alifunga fundo la kuzunguka mara mbili, lenye mkia mfupi, alioukata kwa meno. Hakuna mwingine duniani aliyefunga hivyo. Basi kila chupa yenye uzi aliukata uzi wake taratibu kwa wembe, chini ya fundo ili fundo lisiharibike, akauweka kwenye mfuko wa shati. Kisha unga akaumwaga kwenye mfereji. Hakuna aliyewahi kumwambia unga una kazi. Kwake yeye sampuli ilikuwa kama ganda la yai: kilichotakiwa kimeshatoka. Alikuwa akiangalia mafundo, hakuangalia tarehe.

Na sasa, akiwa ameketi juu ya ndoo, akaikumbuka moja.

Zote zilioshwa kwa maji baridi. Unaweka maji, unatikisa, unga unatoka kama maziwa, umekwisha. Moja yenye uzi ilikataa. Ndani yake hamkuwa na unga, mlikuwa na magamba magumu ya gundi iliyokauka, yanayong'aa kama kucha, yameng'ang'ania kioo. Aliilaani chupa ile. Aliiloweka kwa maji ya moto, yakavimba yakawa ute. Akachukua brashi ya waya, akaingiza mkono mpaka kifundo, akakwangua. Alikwangua karibu nusu saa. Alipoimaliza aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaridhika nayo. Ilikuwa safi kuliko zote.

"Baba?" binti alisema.

"Niliziosha."

"Uliziosha nini?"

"Chupa. Zote. Niliziosha mimi."

Mkaguzi alifumba macho kidogo. Meneja, pale mlangoni, alikohoa kwa adabu.

"Ni utaratibu wa kawaida wa stoo," alisema Meneja. "Hatukujua kwamba kuna mtu bado ana haja nazo. Na mzee mwenyewe hakusema kitu. Mzee, ulisema kitu?"

"Ulimtuma wewe," Mzee alimwambia Meneja. "Ulijua anakuja. Ukaniletea mimi."

"Mzee wangu, hilo nalo litahitaji ushahidi," alisema mkaguzi, na hakulisema kwa ukali. Ilikuwa afadhali angelisema kwa ukali. Alimuuliza Meneja kuhusu daftari la siku ile. Likaletwa, na ukurasa haukuwepo. Akaita Kipenga, akamuuliza kama kostiki ilimwagwa mara moja. Kipenga alitazama viatu. Alisema ni siku nyingi zimepita, hakumbuki vizuri.

Mzee alitoa nyuzi mfukoni, akazimimina kwenye kiganja cha mkaguzi. Zilikuwa arobaini na moja, kila mmoja na fundo lake.

"Hizi ni zake. Zilikuwa kwenye zile chupa. Mmojawapo ulikuwa kwenye chupa ya siku ile."

Mkaguzi aliziangalia kwa muda mrefu kuliko alivyolazimika. Akachukua mmoja, akauleta karibu na macho, hata akaupitisha kidole kuona kama una vumbi lolote. Haukuwa na kitu. Mzee alikuwa amezifua kwa sabuni, zisije zikaoza.

"Nyuzi hazisemi, mzee wangu," alisema, akazirudisha mmoja baada ya mwingine. "Kama ningekuja mwezi mmoja mapema. Ofisini barua hukaa." Akafunga begi lake, lililokuwa gumu kufungika, akaagana nao kwa mikono miwili. Kwenye fomu aliandika maneno matatu, na binti aliyasoma yakiwa juu chini: hakuna ushahidi mpya.

Jioni hiyo walikaa jikoni kwa Mzee, baba na binti, taa haijawashwa. Binti alichemsha chai na hakuna aliyeinywa. Barua kumi na moja zilikuwa mezani, nakala zake, zimebanwa kwa pini.

"Sikulaumu, Baba," alisema. Aliinyoosha pini ya barua. Kisha akasema, "Hapana, nakulaumu. Nisamehe, lakini nakulaumu. Chupa za mama zilipita mikononi mwako siku nne. Siku nne, Baba. Na jioni tunaongea kwa simu. Kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukuniuliza hata, mwanangu, kuna chupa za mama yako hapa, nizifanyeje?"

Mzee Chupa alifungua mdomo. Alitaka kumweleza habari za wakubwa, jinsi wanavyopanga mambo yao, jinsi mkubwa asivyoosha uchafu wake mwenyewe bali anavyokupa wewe brashi. Yote hayo yalikuwa kweli, na aliyajua kwa moyo. Lakini kilichotoka kilikuwa kitu kingine, na kilitoka kabla hajakiona.

"Niliamriwa," alisema.

Binti alimtazama. Wote wawili walilisikia, likabaki pale juu ya meza kati ya vikombe.

Binti alivuta kiganja cha babake kilichofumba zile nyuzi, akakifungua, akazitandaza nyuzi juu ya barua.

"Uzi wa chupa ile ni upi?"

Mzee aliinama. Alizigeuza kwa ncha ya kidole, mmoja mmoja. Fundo la kuzunguka mara mbili, mkia mfupi. Fundo la kuzunguka mara mbili, mkia mfupi. Zilikuwa zimefungwa na mkono mmoja, mkono usiobabaika, ule ule siku ya amani na ule ule siku ya kifo. Alizipitia mpaka mwisho, akaanza tena.

"Sijui, mama," alisema.

Binti aliosha vikombe vya chai isiyonywewa, akavaa viatu, akaaga. Barua aliziacha. Nyuzi alimwachia zote.

Jumatatu walipangwa mistari mbele ya matangi. Ilikuwa imenyesha na saruji ilikuwa na madimbwi. Kipenga alikunjua karatasi yake. Mkemia hakuwepo tena. Alipandishwa cheo zamani, akahamishiwa kiwanda kikubwa zaidi. Tangi namba tatu lilikuwa limepakwa rangi mpya ya kijani. Huko ndani walikuwa wamerudia chumvi na kostiki ya kudondosha, tangu wiki iliyofuata mazishi, bila mtu kusema kwa nini.

"Somo la usalama. Mfanyakazi mmoja wa kike, kwa uzembe wake…"

Mzee Chupa alisimama mstari wa nyuma, mkono mfukoni, vidole juu ya mafundo. Aliyapapasa moja baada ya jingine, akitafuta lile lililokuwa tofauti kidogo, lililotetemeka kidogo, na hakulipata.

"…Akafa. Tujifunze."

"Tumejifunza," walijibu.

Mpakiaji magunia aligeuka upesi kumtazama Mzee, kwa maana safari hii alikuwa amesikia sauti nyingine kando yake, nzito, ya kukwaruza. Hata Kipenga kule mbele aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akayashusha tena kwenye viatu vyake. Hakupuliza kipenga. Watu walisubiri, kisha wakaanza kutawanyika wenyewe, na Mzee akaenda kwenye sinki lake, ambako makreti mawili ya chupa za wiki iliyopita yalikuwa yanamngoja.